Usipoziba Ufa: Masaibu ya Kuchomelea Fremu za Pikipiki Kuukuu

Fremu ya pikipiki, ambayo mafundi wengi huiita chesisi, ndiyo inayobeba injini, tangi, dereva, abiria na, inapobidi, gunia la mkaa, lakini ndiyo pia inayokumbukwa baada ya vyote, kwa kuwa haingurumi kama injini wala haing'ai kama tangi. Inapopata ufa, hasa ikiwa iliundwa kabla mwenye pikipiki hajazaliwa, hufuata mambo ambayo vitabu vya ufundi huyaeleza kwa mistari miwili, ilhali waliopatwa nayo huyaeleza jioni nzima. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ya udongo walisema kweli. Kwa fremu kuukuu, hata hivyo, methali hiyo ina upungufu, kwa sababu haikutaja ufa uzibwe na nani, kwa moto gani, na baada ya kuuliza nini.

Chanzo cha masaibu mengi ni kwamba fremu zote huonekana kuwa mabomba tu, kumbe hazikuunganishwa kwa namna moja. Pikipiki nyingi za Uingereza za zamani, kama vile BSA M20, ambayo ilitengenezwa kwa wingi wa zaidi ya 120,000 kwa ajili ya majeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, zilijengwa kwa vikombe vya kuunganishia, yaani vipande vizito vya chuma vyenye matundu, ambamo ncha za mabomba zilichomekwa, kisha shaba ya manjano iliyoyeyuka ikaachwa inyonywe na upenyo mwembamba uliobaki kati ya bomba na kikombe. Shaba hiyo huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 900 za Selsiasi, ilhali chuma cha bomba huhitaji karibu nyuzi 1,500, na kwa hiyo bomba lenyewe halikuyeyuka kamwe. Fremu ya Norton ya mwaka 1950, iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast, iliacha vikombe hivyo na kuunganisha mabomba moja kwa moja kwa gesi na vijiti vya aina ya shaba. Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958 na kuenea duniani kote, ilichukua njia nyingine, kwani sehemu kubwa ya fremu yake ni bati nene lililokandamizwa na mashine kisha nusu zake mbili zikaunganishwa, huku ndani mkibaki uwazi ambamo maji ya mvua hupata makazi ya kudumu.

Fundi wa mageti, ambaye ndiye anayepatikana karibu, hana habari na tofauti hizo, na kwa kazi yake ya kila siku hazihitaji. Mashine yake ya umeme, vijiti vyake na uzoefu wake wote vimeandaliwa kwa ajili ya nondo za madirisha, na ni haki kusema kwamba kazi hiyo anaiweza, ila geti, tofauti na pikipiki, halijawahi kushushwa mlima likiwa na abiria wawili mgongoni. Anapoletewa fremu ya kale yenye ufa pembeni mwa kikombe, huuliza swali moja tu, nalo ni la bei, kisha huwasha moto juu ya shaba asiyoijua. Shaba hiyo huchemka, hutoa moshi mweupe, na iliyoyeyuka hupenya katikati ya chembechembe za chuma chenye joto kali na kuzitenganisha, hivi kwamba mshono uliokuwa unang'aa hupasuka unapopoa, wakati mwingine kwa mlio mdogo mkavu ambao mteja huudhania kuwa ni dalili ya kazi kukamilika. Fundi hurudia, ufa hurefuka. Hurudia tena, ufa hupata mtoto. Dawa ilikuwa ama kuurudisha muungano huo kwa shaba na gesi kama ulivyozaliwa, ama kuikwangua shaba yote kwa tupa hadi chuma kitupu kabla ya kuleta umeme, lakini tupa haitoi cheche, na mteja aliyesimama kando huhesabu cheche kuwa ndiyo kazi.

Fremu ya bati huleta kioja cha aina nyingine. Kutu huila kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inaridhisha, kwa hiyo moto unapogusa mahali palipoonekana pana ufa mwembamba, ufa hugeuka tundu, na tundu hilo linapozibwa pembeni hugeuka dirisha. Fundi ambaye asubuhi aliahidi kuziba ufa, adhuhuri huonekana akitafuta kipande cha bati cha kuzungushia uwazi unaotosha kupitisha mkono, na si ajabu kipande hicho kikatoka kwenye mabaki ya geti lililotajwa hapo juu.

Hata pale chuma kinaposhikana vizuri, bado kuna kanuni ya kusinyaa isiyomhurumia mtu. Mshono ulioyeyuka husinyaa unapopoa na kuvuta bomba upande wake, na ndiyo maana bomba lililochomelewa upande mmoja mfululizo hupinda kuelekea upande huo. Mpindo wa digrii moja kwenye kichwa cha fremu, mahali panapozunguka uma wa mbele, hauonekani kwa macho, lakini ukifuatwa kwa umbali wa mita moja huwa karibu sentimita mbili, na pikipiki inayotoka hapo huelekea sokoni huku gurudumu la nyuma likielekea msikitini. Mafundi makini hubana fremu kwenye meza nzito yenye vishikizo, hugusisha moto kidogo huku na kidogo kule, na hupima kwa uzi uliovutwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Mahali ambapo uzi haukuvutwa, mwenye pikipiki hujifunza kuegemea upande mmoja bila kujijua, na kasoro hubaki siri ya familia mpaka siku shemeji anapoazima chombo na kurudi kwa miguu, akiwa na matope hadi kifuani.

Umeme nao una tabia zake. Mashine ya kuchomelea ina waya wa arthi, ambao kazi yake ni kuurudisha umeme baada ya kupita kwenye mshono, na unatakiwa ubanwe karibu na ufa, juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi. Unapobanwa mahali popote palipo rahisi, umeme hujitafutia njia ya kurudi, na njia hiyo yaweza kupita kwenye beringi za gurudumu na kuziachia vidonda, au kwenye kebo ya klachi, ambayo hupata moto mpaka waya wa ndani ushikane na ala yake. Mteja aliyekuja na ufa mmoja huondoka bila ufa, bila klachi, na kama betri haikufunguliwa, bila taa pia, na bado hulipa kwa shukrani kwa kuwa aliloagiza limetendeka.

Kuhusu tangi la petroli, jambo la kufahamika ni kwamba neno la hatari kuliko yote katika karakana ni "halina kitu". Petroli ya majimaji haiwaki yenyewe, bali mvuke wake uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka, na mchanganyiko huo hulipuka mvuke unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, kiwango ambacho tangi lililomwagwa petroli jana hukifikia bila msaada wa mtu. Tangi hutolewa kabisa na kupelekwa mbali. Kulifunika kwa gunia ni kulivisha sanda mapema.

Mwili wa binadamu nao hushiriki. Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno, yaani ile isiyoonekana lakini inayounguza, na mtazamaji aliyejikinga kwa miwani ya jua au kwa vidole vilivyoachana kidogo hatahisi chochote hadi usiku, saa kadhaa baadaye, macho yatakapojaa kitu kama mchanga na vipande vya viazi vibichi kutafutwa jikoni. Fundi aliyechomelea shaba ya manjano, au aliyeziba pengo kwa bomba la maji lililopakwa zinki, huvuta mafusho ya zinki yanayoleta homa na kutetemeka jioni. Huidhania malaria, humeza dawa, na kesho yake homa inapokwisha yenyewe, kama ilivyo kawaida yake, duka la dawa hupata sifa ambayo halikuitolea jasho. Wengine hutegemea maziwa kama kinga, na maziwa ni chakula bora, ila huteremka tumboni ilhali mafusho yalikwenda mapafuni, na wawili hao hawakutani.

Masaibu haya yote, hata hivyo, hutanguliwa na kosa moja, nalo ni kuutibu ufa bila kuuliza ulitoka wapi. Mara nyingi fremu hupasuka kwa sababu nati za kushikilia injini zimelegea na mtikisiko umekuwa ukikunja chuma hicho hicho maelfu ya mara. Aliyeziba ufa bila kukaza nati amefanya kazi atakayoirudia. Kuujua urefu halisi wa ufa si kazi ya gharama: rangi hukwanguliwa, mahali hapo hupakwa mafuta ya taa, hufutwa yakauke, kisha hupakwa unga wa chaki, na baada ya muda mstari mwembamba wenye unyevu hujichora juu ya weupe, ukifika mbali kuliko macho yalivyodhani. Mwisho wa mstari huo ndipo panapotobolewa tundu dogo la kuuzuia usiendelee, na hapo ndipo moto huanza kuwa na maana.

Kwa hiyo mwenye pikipiki kuukuu amchague fundi kwa maswali anayoulizwa, wala si kwa bei anayotajiwa. Fundi anayetaka kujua fremu iliunganishwa kwa shaba au kwa chuma, anayeanza na mafuta ya taa na tupa, anayeagiza tangi na betri vitolewe, kisha akasema "njoo kesho", asilaumiwe kwa kuchelewesha. Kwa kazi hii moja, "njoo kesho" ni neno la kitaalamu. Anayesema "subiri hapo hapo, dakika tano" apewe mageti.