Usipande Basi Bado: Dawa Tisa za Mwaka wa Kwanza Aliyepakumbuka Kwao

Mateso huanza wiki ya tatu. Wiki ya kwanza uko kwenye foleni ya usajili, ya pili unatafuta ukumbi wa mihadhara, ya tatu mambo yanatulia na unagundua kwamba mji mzima hakuna anayekujua. Mtoto wa Lindi kaletwa Mbeya, mtoto wa Tanga yuko Iringa, wote wamelala saa mbili usiku na soksi miguuni, wanapiga hesabu: hivi digrii hii siwezi kuibana nikamaliza mapema, nikaondoka zangu? Hesabu hiyo tutaifikia. Tunaanza na dawa dhaifu, tunapanda.

9. Kulia. Ni bure na haiulizi namba ya usajili. Kasoro yake ni kwamba hosteli mmelala wengi chumba kimoja, na wenzako walikuwa wanasubiri tu mtu aanze.

8. Kupiga simu nyumbani kila usiku. Ya video, mama kaielekeza simu darini, unaongea na feni. "Umekula?" Nimekula. "Umekula nini?" Hapo uongo unaanza. Piga mara mbili tatu kwa wiki, inatosha. Anayepiga kila siku anajua mpaka kuku wa jirani ametaga wapi, ila hajui jina la anayelala kitanda cha juu yake.

7. Basi la Ijumaa. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023, kishawishi kimeongezeka. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, hadi Mbeya zaidi ya 800. Unatoka Ijumaa jioni, Jumamosi unafika umevimba miguu, unalala, unaamshwa ule, Jumapili unageuza. Umevuka mlima Kitonga mara mbili ili ukasinzie kwenye kochi la kwenu. Walio Mbeya wana TAZARA pia, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Ila treni haina haraka. Kama shida yako ni kuhitimu kabla hujafika nyumbani, ijaribu.

6. Koti. Msicheke. Nusu ya majonzi ninayosimuliwa na watu wa pwani ni baridi tu. Mbeya imekaa kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, Iringa haiko mbali sana chini yake, na baridi kali huja Juni na Julai, sambamba na mitihani ya mwisho ya muhula wa pili. Mwili unatetemeka, akili inatafsiri: namkumbuka bibi. Kwa Mbeya, nenda soko la Mwanjelwa kwenye mitumba. Panda na ushushe zipu mara tatu, ingiza mkono mfukoni mpaka mwisho kutafuta tundu, geuza kola uinuse. Muuzaji akikuita "mwanangu" bei imepanda. Ukimwambia uko mwaka wa kwanza, imepanda tena. Vaa koti siku tatu kwanza, ndipo uamue kama bado unataka kuacha chuo.

5. Mwanafunzi wa Bern. Mwaka 1688 kijana aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu ugonjwa wa kupakumbuka kwenu. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa mwanafunzi kutoka Bern aliyekuja kusoma Basel. Homa, moyo kwenda mbio, watu wakaanza kumwombea. Mwuza dawa akamtazama, akasema huyu hana ugonjwa mwingine, mrudisheni kwao. Walipoanza kumfungia mizigo akapumua vizuri, na kabla hajafika Bern alikuwa mzima. Miji hiyo iko karibu kuliko Iringa na Makambako! Mimi ninachoona kwenye kisa hiki ni kwamba kijana hakuponywa na kufika. Aliponywa na kujua kwamba anakwenda. Basi jua siku ya kwenda: chukua kalenda ya chuo, tafuta likizo, weka nauli pembeni siku boom, yaani hela ya mkopo, linapoingia, kabla halijaingia tumboni.

4. Kuhitimu mapema. Nakaa hapa kidogo, maana ndilo mliloniuliza wengi. Mmeona kwenye filamu mwanafunzi wa Marekani anabeba masomo ya ziada, anasoma na kiangazi, anamaliza miaka mitatu badala ya minne. Vizuri. Huko miaka mitatu ndiyo mapema. Kwetu, kwa shahada nyingi, miaka mitatu ndiyo kawaida. Kwa hesabu zao umeshahitimu mapema, hongera. (Watu wa uhandisi wa MUST, yenu ni minne. Msisome aya hii usiku.)

Kuibana zaidi ya hapo ni kazi. Kwa utaratibu wa TCU shahada ya kwanza inataka krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na kila krediti inahesabiwa saa 10 za kusoma. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, na wewe bado unatafuta ukumbi. Tena kozi nyingi hutolewa muhula mmoja tu kwa mwaka, na nyingine hazikupokei mpaka ufaulu iliyotangulia. Wa ualimu pale chuo cha Mkwawa wana mazoezi ya kufundisha, na shule haziwezi kufunguliwa wakati wa likizo kwa sababu umemkumbuka mama. Mkopo nao, ile shilingi 10,000 kwa siku, unafuata kalenda ya chuo na haujali moyo wako.

Kuahirisha masomo kunaruhusiwa, lakini kunataka sababu nzito na ushahidi, na ukirudi wenzako wako mbele, wewe unaianza tena ile wiki ya tatu. Kuhama chuo pia kuna utaratibu wake na muda wake. Njia ya haraka kuliko zote ni kudisco, yaani kufeli ukaondolewa. Hiyo haina mahafali.

Kama hulali, huli, na wiki zinakatika hivyo hivyo, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Hapo sitanii.

3. Kutoka nje ya geti. Kuna watu wamemaliza chuo Iringa bila kufika Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Nenda ukaone fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alifariki 1898, kichwa kikapelekwa Ujerumani, mkataba wa Versailles wa 1919 ukakidai kirudishwe, kifungu cha 246, na bado hakikurudi mpaka mwaka 1954. Ukishasoma hayo, subira ya mpaka likizo utaiona ndogo. Na Isimila, karibu na Iringa, je? Zana za mawe za pale ziliokotwa mwaka 1951 na mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa anapita tu safarini. Wewe umekaa muhula mzima umeokota nini? Wa Mbeya, mnao mlima Loleza juu ya vichwa vyenu na ziwa Ngozi upande wa Rungwe. Pandeni, mtu anayehema hana nafasi ya kulia.

2. Salamu. "Kamwene" kwa Iringa, "ugonile" kwa Wanyakyusa, "ndaga" ukipewa kitu. Utatamka vibaya, watacheka, watakusahihisha, na mtu aliyekusahihisha leo kesho atakuita. Kiswahili cha Tanga ni kitamu, tunajua, mmeshatuambia.

1. Mama ntilie. Hii ndiyo dawa yenyewe. Usile kwa huyu leo na kwa yule kesho ukifuata ofa ya chipsi. Chagua kibanda kimoja, benchi lile lile, saa ile ile. Kwa Mbeya muulize kama ana usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa wanaopanda kutoka Kyela. Wakikaangwa wakakauka na wali wa huko huko, hata mtoto wa Kigoma ananyamaza, na si rahisi. Siku za mwanzo utakuwa "wewe kaka" au "wewe dada". Baadaye unakuwa "yule asiyekula kabichi." Ukikosa siku mbili atamtuma mwenzako akuulize unaumwa nini, na hiyo ndiyo kazi uliyokuwa umemwachia mama yako peke yake, kwa simu.

Halafu boom litachelewa. Atafungua daftari la kava gumu lenye alama za mafuta, ataandika jina lako, "wali maharage", na tarehe. Kuanzia hapo kuna mtu mjini ambaye hataki kabisa uhitimu mapema. Baba atakusamehe ukiacha chuo. Huyu, na maharage ya wiki mbili, hapana.