Fundi na Diski ya King'amuzi

Ama huku Ukata, wilayani Mbinga, ambako bei ya kahawa husikika kwa tetesi ilhali mpira wa Ulaya huonekana bayana kwa baraka za dishi, king'amuzi chenye diski ya kurekodia kikianza kukwaruza na picha kuganda, fundi mstahiki hajisumbui kutafuta ila. Huifomati diski papo hapo, akapokea ujira wake, akaaga kwa adabu. Hajui, au pengine ajua sana, kwamba kufomati hufuta yaliyorekodiwa wala hakuponyi sahani iliyochubuka, na kwamba kabla ya muda mrefu ataitwa tena. Diski mpya ingeyakata maradhi. Lakini maradhi yakikatika, tabibu atakula nini? Wadaiwa wa msimu uliopita wamekwisha kumuuliza, kwa siri, kama daftari la mwenye duka nalo lafomatika.