Tableti na Msafara Wake

Hongera, mpwa wangu, kwa kung'oa Windows kwenye tableti kuukuu na kusimika Linux. Inawaka! Lakini ukigusa kioo, kimya. Prosesa ya Intel Atom ni ya biti 64, lakini UEFI, programu inayoiwasha tableti, ni ya biti 32. Ndiyo maana fleshi ya kusimika Linux ilikataliwa mwanzoni. Kioo nacho kinadai faili la fimwea, ambalo ulilifuta pamoja na Windows. Basi kibodi, kipanya na simu ya kugawa intaneti vyote vinaning'inia kwenye tundu moja, ambalo pia ndilo la chaji. Fahali wa mapigano wa Malinya huingia uwanjani na wapiga ngoma za isukuti. Tableti yako huingia na nyaya. Nyanya anauliza kama kamera inafanya kazi. Mjibu wewe.