Jaketi Linalokunyeshea kwa Ndani

Ai, jamani! Ni nani aliyetuloga hapa Kasikeu hata tukaamini kwamba jaketi la kuendeshea baiskeli lazima ling'ae? Msijifanye hamjawaona. Kijana anapanda kilima na mtungi wa lita 20 kwenye keria, zipu ameivuta hadi kidevuni, ndani ya nailoni nyeusi inayolia chwaa-chwaa kila akikanyaga pedali. Mvua haijadondosha hata tone. Akifika sokoni anafungua zipu, mvuke unafoka kama sufuria ya muthokoi iliyofunuliwa. Shati limemganda mgongoni, ukilikamua unajaza kikombe. Mtu amenyeshewa na jasho lake mwenyewe! Na kesho, lo, atalivaa lilelile, maana eti halipitishi maji. Kweli halipitishi: ya nje hayaingii, na ya ndani hayatoki.

Halafu kuna wale wa majaketi ya theluji. Robota la mtumba likifunguliwa, watu wazima wenye akili timamu wanavutana mashati kugombania lile nene lenye manyoya kwenye kofia, lililoshonewa nchi ambako maji hugeuka jiwe. Wenzangu, mvua yetu ya kutegemea ni ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei huja ikijisikia. Baridi nayo ni ya Juni na Julai, asubuhi ukungu umelala juu ya vilima vya Kilungu, na adhuhuri jua limekwisha kutoka. Manyoya ya nini, enyi watu? Nimemwona mzee mmoja saa saba mchana amelifunga lake kwenye keria kwa mpira wa tyubu, anatweta, uso umemwiva. Nilisonya hadi ulimi ukachoka.

Wa bodaboda ndio kabisa. Wanavaa jaketi kinyume, kifua kinafunikwa na mgongo wa jaketi, zipu inapepea nyuma. Wageni wakipita Barabara ya Mombasa wanashangaa na kucheka. Lakini hapo, ndugu zangu, mimi navua kofia. Upepo unapiga kifuani, basi kifua kizibwe. Jasho linatoka mgongoni, basi mgongo upumue. Hakuna aliyewafundisha. Sasa huyu wa baiskeli, ambaye injini ni miguu yake mwenyewe na jasho lake ni maradufu, amekosaje kuliona hilo?

Dawa yake ni pamba. Naona mmeanza kuguna: pamba si inalowa? Inalowa ile ya fulana. Iko pamba iliyofumwa kwa nyuzi ndefu, zimebanana hata sindano inasita. Waingereza wa taasisi ya Shirley kule Manchester waliishughulikia wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wakiwatafutia mavazi marubani waliokuwa wakitumbukia kwenye bahari ya barafu. Kitambaa hicho kinaitwa Ventile. Hakina plastiki wala mpira. Nyuzi zikiguswa na maji zinavimba, matundu yanajiziba yenyewe. Zikikauka, kitambaa kinapumua tena. Kabla ya hapo, mwaka 1879, Thomas Burberry alikwisha kuwapa gabadini, nayo ni ufumaji wa kubana vilevile. Na kuna ile ya kupakwa nta, ambayo asili yake ni matanga ya mabaharia.

Sasa huko mtumbani, mtu analichukua koti la maana la pamba nzito, anasema 'hili la wazee,' analitupa! Nusura nilie. Likitupwa, mimi naliokota na kuliinua juani. Nikiona mwanga unachungulia kila mahali, nalirudisha. Nabandika mdomo kwenye kitambaa na kupuliza. Pumzi ikipenya kwa taabu, hapo tunaelewana. Nasoma kibandiko: nje pamba asilimia 100, na bitana isiwe ya nailoni, la sivyo tumerudi palepale. Kisha nalivaa, nainama na kunyoosha mikono kama nimeshika usukani. Muuzaji anacheka, acha acheke. Mikono ya jaketi ikipanda hadi karibu na viwiko, au mgongo ukibaki wazi, silitaki hata la bure. Kofia nayo igeuke pamoja na kichwa. Ile inayobaki imetazama mbele ukigeuka kuangalia lori itakuua. Na rangi ya kaki haionekani magharibi, kwa hiyo riflekta juu yake ni lazima.

Faida nyingine ya pamba mnaijua, maana miiba yetu haina urafiki na nailoni. Mchomo mmoja tu, na mpasuko unakimbia hadi kwapani. Pamba nzito inakwaruzwa, unaishona, maisha yanaendelea.

Mvua kubwa ya saa mbili itaipenya, sikatai, na pamba itakuwa nzito, na kukauka itachukua muda. Lakini mvua hiyo nani anaiendeshea baiskeli hapa? Udongo ukishajaa kwenye madigadi, si wewe unayeibeba baiskeli? Jibanze barazani kwa mtu.

Kinachoniuma hasa ni nta. Ukambani kote mizinga iko mitini, asali tunaipigia kelele, nta tunaiacha izagae! Chukua bonge, lisugue kwenye mabega ya jaketi na juu ya mikono, weka karatasi, pitisha pasi ya makaa iyeyuke iingie. Kwapani na mgongoni usiguse, pabaki pa kupumulia. Na jaketi hilo usije ukalichemsha na sabuni, utaitoa yote.

Pamba inaota Makueni na Kitui. Kiwanda cha kaunti kule Syongila, Kitui, kilishona barakoa mwaka 2020 nchi ilipozihitaji, basi jaketi la mwendesha baiskeli linakishinda nini? Kitambaa kizito, mikono mirefu, mgongo urefushwe hadi ufunike kiti. Oktoba haiko mbali, nasi tutapanga foleni.