Kipanya cha Safari: Mambo Manane, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Gari ni Toyota HiAce, hapo hatubishani. Imebeba nusu ya nchi kwenda kazini, kila fundi kuanzia Chalinze hadi Tunduma ameshaifungua, na spea zake utazipata hata pale ambapo soda ya baridi hakuna. Ubishi uko ndani: ukishang'oa viti vya abiria, uweke nini? Nyumbani kwetu kikao kina wajumbe watatu: mimi, mke wangu na shemeji yangu mwenye maoni mengi.

8. Televisheni. Hoja ya shemeji. Imekataliwa. Barabara ya kwenda Iringa inakata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na twiga wanaonekana bila king'amuzi.

7. Choo cha kubebeka. Kidogo, chenye kifuniko kinachobana sawasawa. Mke wangu alimaliza mjadala kwa sentensi moja: "Saa nane za usiku, fisi analia nje, halafu mtoto anasema 'mama, haja.'" Kimepita kwa kura zote.

6. Keria. Iwepo, ila kwa vitu vyepesi: paneli ya sola, viti vya kukunja, mikeka. Ukipandisha mizigo mizito juu, gari linayumba, na kona za Kitonga si mahali pa kuligundua hilo.

5. Maji. Shemeji alitaka tangi la kuchomelewa chini ya gari. Mimi nasema madumu matatu ya lita 20. Dumu unalibeba mpaka bombani, unalisugua kwa mkono, na likipasuka unapata jingine duka la kwanza. Maji lita 60 ni kilo 60, kwa hiyo yakae sakafuni, yafungwe kwa mkanda, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Pampu iwe ya kukanyaga kwa mguu. Haili umeme, na watoto wataigombania.

4. Umeme. Hapa ndipo watu wanapoteketeza hela, basi tupige hesabu kabla ya kwenda dukani. Friji dogo la volti 12, la lita 40 hivi, kwenye joto la pwani linaweza kula wati-saa 400 au 500 kwa siku. Ongeza taa, simu na feni. Betri ya lithiamu ya volti 12 na Ah 100 inahifadhi takriban wati-saa 1,200, na karibu zote unaweza kuzitumia. Ya asidi yenye ukubwa huohuo usiishushe chini ya nusu, la sivyo unaizika mapema. Paneli ya wati 200, jua likiwa zuri, itarudisha ulichokula. Inveta kubwa ya nini? "Ya pasi," alisema shemeji. Shemeji, porini nani atakukagua mikunjo?

Na kila waya uwe na fyuzi yake karibu na betri. Hapo sina utani.

3. Kitanda. Upana wa HiAce ya kawaida, kwa nje, haufiki mita 1.7. Mtu mzima akilala kukingama atakunja miguu usiku kucha, kwa hiyo kitanda kifuate urefu wa gari. Kabla ya kukata plaiwudi, kaa juu ya godoro ujipime: kichwa kisiguse dari. Mtu mrefu kuliko wote ndiye kipimo. Shemeji, simama hapa.

2. Hewa. Feni ya darini inayotoa hewa ya moto, na madirisha mawili yenye wavu wa mbu, moja kila upande. Dar utashukuru kwa ajili ya joto. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, bado utaacha upenyo, maana pumzi za watu wanne hugeuka matone kwenye vioo na ukungu kwenye godoro. Baridi ikizidi, ongeza blanketi. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa dakika moja: moshi unaweza usiuone, na gesi yake inaua usingizini.

1. Baraza. Naam, kitu bora kuliko vyote ndani ya gari kiko nje. Turubai la ubavuni la kukunjua, mita 2.5 kwa 3, na mkeka chini yake. Mlango wa nyuma wa HiAce hufunguka kwenda juu, tayari ni paa la jikoni: droo ndefu inavutwa, jiko la gesi linatoka, na kitunguu kinakaangwa mbali na shuka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani hutuama sakafuni ikingoja cheche, ila nje upepo unaichukua. Tena, mgeni akipita utamkaribisha wapi chai, kitandani?

Hela ikitosha kitu kimoja tu mwezi huu, anza na turubai. Lifungwe kushoto, upande wa mlango wa kuteleza, ili mtoto anayeruka kutoka garini atue kwenye mkeka, mbali na malori.