Kutoka Shambani

Ijumaa, 11 Aprili 2025. Busia, usiku.

Tumefika. Mwanangu Saidi alioa Teso mwaka jana, na wakwe wametuita tukaone shamba lao la matunda karibu na Adungosi, kwenye njia ya kutoka Busia kwenda Malaba. Mke wangu alisema si adabu kuwaongezea wakwe kazi ya kututandikia vitanda, kwa hivyo tumechukua chumba katika hoteli ya mapumziko pembezoni mwa mji wa Busia. Nimesahihisha vitabu vya shule miaka thelathini na moja, na sijawahi kulala mahali penye neno mapumziko kwenye kibao. Kibao kimeandikwa "mapumuziko". Nimenyamaza. Niko likizo.

Bwawa la kuogelea lina chura mmoja. Anaogelea vizuri.

Saa tatu usiku simu ililia. Ujumbe ulinikaribisha Uganda. Wakati huo nilikuwa kitandani, nimejifunga kikoi, na sikuwa na mpango wa kwenda popote. Nikaizima simu, nikaiwasha. Nikakaribishwa tena. Dada wa mapokezi akanieleza kwamba dirisha letu linatazama magharibi, na minara ya ng'ambo ina nguvu kuliko ya kwetu. Wageni wazoefu, akasema, huweka simu bafuni, maana bafuni ni Kenya.

Simu imelala bafuni.

Hasara: shilingi 160 za muda wa maongezi. Faida: chura.

Jumamosi, 12 Aprili. Asubuhi.

Kwarara walianza saa kumi na moja na nusu. Kwarara mmoja anatosha kata nzima. Hapa walikuwa sita.

Kiamshakinywa ni saa moja hadi saa nne. Tulikuwa wa kwanza kuketi, barazani, tukitazama bwawa na mwenye bwawa. Palikuwa na viazi vitamu, nduma, mandazi, uji wa wimbi, na thermosi tatu zenye karatasi: CHAI, KAHAWA, MAZIWA. Nilimimina kahawa, nikaongeza maziwa. Maziwa yalikuwa chai ya tangawizi. Mama Saidi alimimina chai akapata maziwa. Tulibadilishana vikombe bila kusemezana, kama watu waliooana siku nyingi.

Niliagiza mayai mawili ya kuchemsha.

"Hakuna haraka, mzee?" akauliza kijana wa mezani.

"Hakuna."

Hilo lilikuwa kosa langu. Mayai yalikuja baada ya dakika hamsini, yamekaangwa, yamefungwa ndani ya chapati. Hicho ndicho wanachokiita rolex, chakula ambacho Uganda ilikianzisha na Busia haikusubiri kibali kukipokea. Nilihesabu mayai. Yalikuwa mawili. Hapo tulikubaliana.

Jambo lililobaki kinywani ni nanasi. Nimezaliwa Mombasa, nanasi silishangai. Hili nililishangaa. Nilikwenda mara tatu kwenye ile sinia, na mara ya tatu nikaona kadi iliyosimamishwa mbele yake: "Kutoka shambani". Niliisoma kama ninavyosoma kila kitu. Sentensi haina kosa. Haina mwenyewe pia.

"Shamba gani?" nikamuuliza kijana.

"Shambani, mzee."

"La hoteli?"

Akatazama bwawa. "Shambani," akasema.

Nimeamua kumuuliza mkwe. Mtu mwenye shamba la matunda atajua.

Hasara: dakika hamsini. Faida: nanasi, vipande tisa.

Jumamosi. Mchana.

Mwenye pikipiki aliyetupeleka stendi alitufahamisha, bila kuulizwa, kwamba neno boda limezaliwa Busia. Miaka ya sitini vijana wenye baiskeli walivusha watu na mizigo katika ile nafasi iliyokuwa kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Siku hizi ukaguzi umewekwa pamoja. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa Februari 2018, msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande ule anaoingia. Baiskeli hazikuondoka. Tulipita moja imebeba mananasi, mengi kiasi kwamba mwendeshaji alionekana miguu tu. Sikuunganisha mambo. Nilikuwa nimeshika kofia.

Tulipanda matatu ya Malaba tukamwambia kondakta atushushe Adungosi. Nyuma ya kiti cha mbele yangu paliandikwa: "Usiteme mate nje ya dirisha." Sikuona kosa. Nikairudia kuhakikisha. Nilipomaliza kuhakikisha tulikuwa Malaba.

Malaba ni malori. Mji upo, lakini uko nyuma ya malori. Yamepangana kutoka mpakani kurudi nyuma hadi macho yachoke, yakingoja kuingia Uganda na, kwa mengine, kuendelea hadi Rwanda, Kongo na Sudan Kusini. Dereva mmoja alikuwa anasonga ugali chini ya tela. Mwingine ameanika shati kwenye kioo cha pembeni. Wa tatu alikuwa anapiga mswaki, nikaona ana nafasi ya kuzungumza. Akaniambia mwanzoni mwa 2022, walipogomea ada ya kupimwa korona upande wa Uganda, foleni hii ilihesabiwa kwa makumi ya kilomita. Ya leo ni fupi.

"Fupi kiasi gani?"

Akatema povu. "Siku moja."

Mama Saidi alinunua simsim ya kuwapelekea wakwe. Alitoa shilingi mia, chenji hamsini. Muuzaji akampa noti ya elfu moja ya Uganda na sarafu nne za mia. Hesabu yake ilikuwa sahihi, shilingi yetu moja ni kama ishirini na nane zao. Ila kwa dakika kadhaa mke wangu alitembea kama mtu mwenye maelfu, na mimi nilitembea nyuma yake.

Tukapanda matatu ya kurudi. Sikusoma chochote.

Hasara: nauli ya kwenda na ya kurudi. Faida: shilingi 1,400, zisizokubalika Mombasa.

Jumamosi. Alasiri, shambani.

Mkwe alitupokea barabarani. Ni mrefu, mpole, na hujibu swali baada ya kulifikiria, jambo linalomfanya aliyeuliza ajisikie amekosea. Mbingu ilikuwa imeanza kuwa ya buluu iliyokolea upande wa ziwa.

"Mvua yetu huja saa tisa, mkwe," akasema. "Tuna saa nzima."

Ilikuja saa nane na dakika kumi.

"Leo imewahi," akasema mkwe, kwa sauti ya kusifu.

Mwavuli ulikuwa mmoja nao ulikuwa na Mama Saidi, ambaye alikuwa jikoni na mama mkwe. Mimi nilipewa gambuti za mchunga ng'ombe. Katika tope la Teso gambuti na mguu ni wasafiri wawili tofauti. Hatua ya nne mguu ulitangulia. Niliingoja gambuti ifuate, ikakataa, nikarudi kwa mguu mmoja kuichukua, soksi ikabaki.

Msimu wa embe umekwisha, kwa hivyo tulitembelea embe zisizokuwepo. Mkwe alinionyesha kila moja. Hapa Tommy, hapa Apple, hapa Ngowe kutoka kwenu pwani. Kwenye matawi palining'inia chupa za plastiki zenye matundu. Nilizigundua kwa paji la uso. Ni mitego ya inzi wa matunda, yule aliyetoka Asia akaonekana Kenya mwaka 2003. Inzi jike hutaga mayai ndani ya embe, na mteja huyakuta yameshakuwa funza. Kwa sababu yake Kenya ilijizuia yenyewe kuuza embe Ulaya mwaka 2014, hadi 2021. Ndani ya chupa kuna dawa yenye harufu inayowavuta madume.

"Wanaingia wenyewe," akasema mkwe. "Wanafikiri wameitwa."

Nilikuwa nimelowa hadi mifupani, nimesimama kwenye soksi moja, katika shamba nililoalikwa. Sikusema kitu.

Kisha akanipeleka kwenye miche, na hapo mvua niliisahau. Huotesha kokwa la embe la kienyeji, lile lenye nyuzi zinazobaki menoni wiki nzima. Mti wake hauna maringo, mizizi yake inakijua kiangazi. Mche ukifikia unene wa kalamu, hukatwa kichwa, ukapasuliwa, ukachomekwa kijiti cha Apple au Tommy kilichochongwa kama kabari, vikafungwa pamoja kwa utepe wa nailoni. Vikishikana, tunda ni la juu, uvumilivu ni wa chini. Mti wa kokwa tupu hukusubirisha miaka mingi. Huu huzaa mapema, ungali mfupi, unachuma umesimama chini.

"Kama vijana wetu," akasema mkwe, akigusa utepe kwa kidole.

Nikakubali kwa kichwa. Hatukuulizana nani shina.

Ndipo nikamuuliza habari za nanasi. Alilifikiria swali. Mvua ikapungua, ikarudi.

"Nanasi tamu hivyo?"

"Tamu hivyo."

"Hilo la ng'ambo. Kayunga huko. Linavuka na baiskeli asubuhi." Akafikiri tena. "Limetoka shambani, lakini."

Tulikimbilia kibandani. Wazee wanne walikuwa wamezunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija mrefu unaotoka chunguni hadi alipoketi. Mzee mmoja alikuwa anaongeza maji ya moto polepole, kama anayemwagilia mche. Walinivutia kigoda, wakanipa mrija. Nikashukuru, nikaeleza kwamba mimi ni Mwislamu, chai itanitosha. Wakaelewa mara moja. Chai ikaja, na kwa heshima, ili nisijione mgeni, wakaniachia na mrija.

Chai ya moto haifai kwa mrija.

Baadaye mkwe alipasua fenesi. Alisema jambo kuhusu mafuta. Nilikuwa nimeinama navua gambuti, na ulimi ulikuwa unauma, sikusikia vizuri. Nilitia mikono yote miwili.

Alikuwa amesema: "Paka mafuta kwanza, utomvu wake hautoki."

Zawadi ilikuwa fenesi jingine, zima. Lilipimwa kwenye mizani ya mahindi: kilo kumi na nane. Limeshaiva, akasema mkwe, halitangoja zaidi ya kesho. Zawadi ya mkwe hairudishwi. Nililipokea kwa mikono miwili, na kwa sababu ya utomvu, mikono miwili ikabaki pale.

Mwenye boda aliyenipeleka barabarani aliliweka fenesi katikati, kati yake na mimi, chini kabisa ya mwavuli wa pikipiki. Mimi nilikaa kwenye ukingo, penye maji. Alidai nauli ya watu wawili.

"Mimi ni mmoja."

Akaligonga fenesi kwa kidole. "Huyu naye, mzee?"

Hasara: soksi moja, ncha ya ulimi, nauli ya fenesi. Faida: fenesi.

Jumamosi. Usiku.

Vitu vilivyonata hadi sasa: kitasa, taulo la hoteli, kadi ya nambari ya chumba, kalamu hii. Niliomba mafuta ya kupikia, jiko lilikuwa limefungwa. Mama Saidi amenipa mafuta yake ya nazi, ambayo alikuwa ameyabeba kutoka Mombasa kwa ajili ya nywele. Amenitazama nikiyatumia hadi robo chupa. Ukurasa huu umeshikana na unaofuata, na msomaji asijisumbue kuubandua. Palikuwa na mchoro wa jinsi ya kupandikiza embe.

Fenesi lilikuwa chini ya meza. Harufu yake ilikuwa juu ya meza, kitandani, na bafuni kwenye simu. Saa nne Mama Saidi aliinua kichwa.

"Hilo lisilale humu."

Nilihakikisha kwamba ananiambia kuhusu fenesi. Nikalibeba hadi mapokezi. Alikuwepo mlinzi peke yake.

"Niliweke wapi, mzee?"

"Popote," nikasema.

Hasara: mafuta ya nazi. Faida: usingizi.

Jumapili, 13 Aprili. Asubuhi.

Kwarara saa kumi na moja na nusu. Nimeanza kuwatofautisha.

Tulichelewa kushuka, saa tatu kasoro, kwa kuwa leo tumepumzika. Thermosi ya maziwa ilikuwa na maziwa. Nilimimina chai juu yake kwa furaha, na chai ilikuwa kahawa. Palikuwa na wageni wengi, nadhani wa basi lililoingia usiku. Walikuwa wamezunguka ile meza ya mwisho, pale penye nanasi jana.

Hapakuwa na nanasi. Palikuwa na fenesi. Limepasuliwa kwa ustadi, kokwa zimetolewa, vipande vimepangwa duara kama petali. Mbele yake ilisimama kadi ileile: "Kutoka shambani".

Leo kadi haina kosa lolote.

Kijana wa mezani alinipakulia vipande viwili kwa uma. Hakugusa kwa mkono, mjanja. "Onja, mzee," akasema. "Ni letu."

Tulikula. Mama Saidi alisema ni tamu kuliko lile la shambani. Nikamwambia limetoka mti uleule. Akasema labda ni kwa sababu hapa amekaa. Nilifikiria kwenda kuzungumza na mapokezi, nikakumbuka neno "popote", nikaliona halina mwanya wa kusahihisha.

Simu ikalia. Nilikuwa nimeitoa bafuni, hivyo nilikaribishwa Uganda kwanza, kisha mkwe akaingia.

"Mkwe, mmeamkaje? Fenesi limefika salama?"

"Limefika mezani."

"Mmelionja?"

Nilitazama meza ya mwisho. Bwana mmoja alikuwa anarudi kwa sahani ya tatu, na mtoto wake alikuwa ameshanata kwenye kiti.

"Limependwa sana," nikasema. "Limekwisha."

Kimya. Mkwe alikuwa analifikiria hilo.

"Kilo kumi na nane," akasema polepole, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo sikuwa nimeisikia jana. "Basi lenu linaondoka saa ngapi?"

"Saa sita."

"Nitakuwa stendi saa tano," akasema. "Lipo jingine. Kubwa."