Spika za Sebuleni: Kutoka Saba Kushuka Hadi Moja

Jirani yangu alinunua sabufa mwaka jana. Nilijua siku hiyohiyo, kwa sababu ukuta wangu nao ulijua. Juzi amekuja kwa upole: "Kaka, nisindikize Kariakoo. Sasa nataka spika za kusikilizia muziki nikiwa nimekaa." Nilikubali haraka kuliko inavyostahili heshima yangu. Haya ndiyo niliyomwambia kwenye daladala, nikihesabu kinyumenyume ili asisinzie.

7. Wati za kwenye boksi
Boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO kwa rangi ya dhahabu. Geuza mzigo, soma kibandiko cha nyuma: unakula umeme wati 60. Sasa, ndugu yangu, ameingia mbuzi mmoja zizini, wametokaje mia na sitini? Herufi za kutafuta ni RMS. PMPO ni salamu tu za muuzaji. Sebule zetu hizi, wati 30 hadi 50 za kweli kila upande zinatosha, na chenji inabaki.

6. Gonga kama tikiti maji
Gonga ubavu wa spika kwa vifundo vya vidole. Ikilia kama debe tupu, ujue mbao zitaimba pamoja na mwimbaji, na hakuna aliyezialika. Ikijibu "du", fupi na nzito, endelea na mazungumzo. Kisha inyanyue: sumaku nzuri na boksi imara vina uzito wake. Muziki ukipigwa, gusa kila koni taratibu. Kuna spika zina koni nne mbele, mbili zinafanya kazi na mbili zimekaa kama wageni rasmi.

5. Desibeli
Hii hakuna anayeiuliza, na ndiyo inayosema kweli. Kwa spika, ni kipimo cha sauti inayotoka ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake. Spika ya desibeli 84 inataka wati 4 ili ifikie pale spika ya 90 inapofika kwa wati 1. Ya kwanza si mbaya. Ni mlaji tu. Ukiwa na amplifaya ndogo, usimwalike mlaji.

4. Omu
Ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Amplifaya imeandikwa omu 8, wewe unaifungia spika za omu 4: itatoa jasho, halafu inaweza kuzima. Soma kabla ya kufunga. Jirani akauliza kama omu zinaongezeka ukilipa zaidi. Nikatazama nje ya dirisha.

3. Ukubwa
Hapa tulibishana kuanzia Magomeni hadi Fire. Yeye anataka zinazofika kiunoni. Nikamwambia habari za LS3/5A, spika iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya mafundi wao waliobanana ndani ya magari ya matangazo. Urefu wake ni sentimita 30 hivi. Kazi yake ilikuwa kumwambia fundi ukweli, hasa kuhusu sauti ya binadamu, na mpaka leo kuna watu wazima wanaopigania jozi kuukuu za spika hizo kama mahari. Kwetu tuliolelewa na Idhaa ya Kiswahili ya BBC hilo si neno geni: sauti ya mtangazaji kwanza, kishindo baadaye.

Lakini tusidanganyane. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na boksi dogo huko haliendi. Linasimama njiani na kukuachia ukisie. Ukiishi na muziki wa dansi wa Msondo na Sikinde, nunua kubwa kiasi. Ukiishi na taarabu na mashairi, ndogo nzuri inaishinda kubwa ya bei hiyohiyo.

2. Mtumba
Spika za mtumba kutoka Ulaya na Japani ni neema, ila chungulia pembeni mwa koni. Ukingo wa sponji huoza kwa umri, na joto la pwani haliusaidii. Ukiugusa ukabaki unga kidoleni, hizo si spika, ni mradi. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Fundi mzuri hubadilisha ukingo, kwa hiyo usikimbie: shusha bei.

1. Masikio yako, chumba chako
Nenda dukani na wimbo wako. Ule wa muuzaji umechaguliwa upendeze hata kwenye kopo. Chukua unaoujua mpaka mwimbaji anapovuta pumzi: Bi Kidude kwa ukwaruzo wa sauti, Mbaraka Mwinshehe kwa gitaa, taarabu ya Unguja kwa kanuni, ile ala ya nyuzi, maana twita mbovu (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) huigeuza kanuni kuwa vijiko vinavyooshwa. Ukilinganisha jozi mbili, sauti ziwe sawa. Inayopigwa juu zaidi mara nyingi huonekana nzuri, na muuzaji analijua hilo tangu kabla hujazaliwa.

Halafu nyumbani. Piga kofi sebuleni. Vigae, kuta tupu na vioo vikikurudishia kofi lako, tandika zulia na ning'iniza pazia zito kabla ya kulaumu spika. Zisogeze nusu mita kutoka ukutani, maana zikiwekwa pembeni kabisa besi inavimba kama mandazi. Twita iwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukikosea upande mmoja, koni moja inasukuma nyingine inavuta, na besi inahama nyumba.

Na viondoe vile vitambaa vya kudarizi vilivyofunika twita.

Jirani alirudi na jozi ndogo ya mtumba, ukingo wa mpira. Sasa nasikia maneno ya nyimbo badala ya mtikisiko. Vitambaa vilitolewa Jumamosi. Jumapili mama yake alikuja kumsalimia, vikarudi.